Mtani Aliyenichomolea Fyuzi

Mkitaka kujua kama rubani bado ana mikono, msimwulize mwenyewe. Atawadanganya, tena bila kujua kuwa anadanganya. Nendeni mkainame chini ya ndege yake mkatazame matairi. Tairi la kushoto likiwa limelika upande mmoja, huyo anatua huku ameegemea. Yote mawili yakiwa na vipara, huyo anakanyaga breki mapema, maana yake alifika na mwendo mkubwa, na alifika na mwendo mkubwa kwa sababu alichelewa kuamua. Elimu hiyo sikuipata chuoni. Nilipewa na fundi wa ndege ambaye maishani mwake hakuwahi kurusha hata tiara.

Mkuu wenu wa mafunzo ameniandikia mara tatu akiniomba niwaambie habari za kurusha kwa mkono. Mara mbili nilikataa. Nimechoka, vijana, na sisemi hivyo ili nibembelezwe. Goti linauma, baridi ya Kilolo mwezi wa saba haina adabu kwa wazee, na kisa chenyewe ninachokijua juu ya jambo hili hakinipi sifa. Lakini katika barua ya tatu alisema mmoja wenu ameuliza mafunzo hayo ni ya nini, ikiwa mashine inarusha ndege vizuri kuliko mtu. Huyo aliyeuliza hakukosea. Ilirusha vizuri kuliko mimi tangu miaka ya sabini. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mimi ni Kikoti, Mhehe. Miaka ile nilikuwa rubani wa shirika dogo la ndege za kukodi lenye kituo Mbeya, kwenye uwanja ule wa zamani uliobanwa kati ya mji na mlima. Tulibeba kila kitu: wahandisi wa reli iliyokuwa inajengwa, madaktari, vipuri vya mashine za mpunga, maofisa, mara moja bibi harusi. Ndege yetu ya kwanza ilikuwa na injini moja, na haikuwa na chochote cha kumsaidia rubani isipokuwa mto wa kukalia.

Kiwanja cha Rujewa, kule uwanda wa Usangu, kilikuwa na soksi ya upepo kwa muda wa wiki mbili, kisha mtu akaenda nayo nyumbani kuchujia pombe. Basi upepo tuliusoma kwa moshi wa mashamba na kwa ng'ombe. Wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini walikipenda kiwanja kile, maana nyasi zake zilikuwa fupi na tamu. Ng'ombe akipigwa na upepo mkali huupa mgongo. Unapita chini mara moja, unaona migongo imeelekea wapi, unazunguka taratibu wakati mfugaji anawaswaga pembeni, halafu unatua. Ukipita chini mara mbili umemtukana mfugaji, na safari ijayo atakuchelewesha makusudi.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya Mbeya, saa saba mchana. Mji ule uko juu, na jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla haijakubali kuinuka. Nililijua hilo kwenye karatasi. Siku hiyo nilipakia kama ilivyopakiwa asubuhi, nikaondoka, na uwanja ukaisha kabla mimi sijaisha kuuhitaji. Tuliinuka, lakini nilipita juu ya mabati ya watu nikiwa chini kiasi cha kuona mama mmoja akianua nguo zake kwa haraka.

Niliporudi jioni nilimkuta Fundi Mapunda amesimama mlangoni pa banda la ndege, mikono kiunoni.

"Kikoti!" aliita ili kila mtu asikie. "Leo ndege ndiyo imekuvaa wewe. Nyie Wahehe wala mbwa mkipewa chombo mnadhani ni jembe?"

"Nyamaza, mkimbizi wee," nikamjibu. "Mlikimbia vita huko kusini mpaka mkachoka mkaangukia Songea, leo unanifundisha safari?"

Alikuwa Mngoni, mtu mfupi, amenizidi miaka kama minane. Msomaji wa pwani huenda akashangaa, lakini huku hakuna aliyeshangaa. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoshana, kisha wakawa watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata kaka yako wa tumbo moja hana. Atakutukana mbele ya wakwe, atavaa kofia yako, atakula chakula chako umetazama, na wewe ukinuna ndiye mwenye kosa. Baada ya kunitukana siku ile, Mapunda alinikalisha juu ya debe akanichorea kwa kijiti mchangani jinsi joto linavyoila hewa ya Mbeya. Nilimwelewa kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye.

Katikati ya miaka hiyo tukaletewa ndege ya injini mbili yenye otopailoti. Nyie mmezaliwa mkaikuta, kwa hiyo hamjui mapenzi yake ya mwanzo. Unapanda mpaka juu, unaweka uelekeo, unabonyeza kitufe, usukani unaanza kusogea wenyewe, polepole, bila papara. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya tatu nilikunja mikono. Baada ya miezi michache nilikuwa nasoma gazeti juu ya Usangu, huku abiria wananitazama kwa heshima kama mtu mwenye uganga.

Sikuona nilichokuwa napoteza, kwa sababu hakikupotea siku moja. Zamani mguu wangu ulisahihisha upepo kabla kichwa hakijajua kuna upepo. Sasa ilibidi kichwa kiuamrishe mguu, na mguu ukawa unauliza unaambiwa nini. Nilianza kutua kwa kishindo Iringa, nikilaumu uwanja. Nikatua kwa kishindo Mbeya, nikaulaumu mlima.

Mapunda aliinama chini ya ndege, akapitisha kiganja kwenye tairi la kushoto, akainuka.

"Mtani, mikono yako inakufa," alisema. Hakupaza sauti, na hakunitukana.

Nilimjibu kwa tusi, nikaenda zangu kunywa chai.

Wiki iliyofuata nilibonyeza kitufe juu ya Rujewa, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nilirusha kwa mkono mpaka Iringa nikitokwa jasho, ndege inapanda na kushuka chini yangu. Nilipotua na kutia mkono mfukoni kutafuta leso, nikakuta fyuzi ya mashine ile, imefungwa vizuri kwenye kipande cha karatasi. Mapunda alikuwa ameichomoa na kuitumbukiza kwenye mfuko wa shati langu lilipokuwa limetundikwa. Nilicheka mpaka machozi. Kwa sheria za utani sikuwa na la kufanya, na kwa usalama hakuwa amenidhuru kitu: fyuzi ile haikuzima chochote kingine, dawa nilikuwa nayo mfukoni, na kama ningeikagua mashine kabla ya kuondoka, kama nilivyotakiwa, ningejua nikiwa bado ardhini. Msije mkamwiga. Fundi hagusi chombo bila rubani kuarifiwa, na leo angefungiwa kazi, tena kwa haki. Nawaeleza tu ilivyokuwa.

Alifanya hivyo tena, na tena. Kila wiki mbili tatu hivi, bila siku maalumu. Nami sikujirekebisha, kukagua mashine nilikuona kazi ya bure, kwa kuwa karibu siku zote ilikuwa nzima. Safari hizo za jasho nilizichukia, lakini nilizimaliza, na matairi yakaanza kupumzika.

Kisha akaja mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam. Sitamtaja, na cheo chake sitakitaja. Alivaa suti ya mikono mifupi iliyonyooshwa mpaka inakata, akakaa kiti cha mbele kando yangu, akaniambia amesikia ndege yetu inajiendesha yenyewe na angependa kuona. Nikavimba kichwa. Tulipofika juu nikamwambia tazama sasa, ndugu, nikabonyeza.

Mnajua kilichotokea. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto linafuka kutoka Usangu, hewa imejaa mashimo. Nilikuwa na hasira na aibu, na mtu mwenye hasira anaushika usukani kama anayemkaba mwizi. Ndege ikarukaruka. Mgeni alivumilia mpaka karibu na Iringa, halafu akavua kofia yake na kutapika ndani yake. Aliposhuka hakunipa mkono. Alisema tu, "Nilidhani inajiendesha."

Fyuzi niliikuta mfukoni. Kumbukeni hilo, maana mimi nililijua nilipokuwa naandika. Nilikaa kwenye benchi la uwanja wa Iringa na karatasi ya taarifa juu ya goti, nikatafuta neno zito. Neno "utani" lilikuwepo. Neno "uzembe" lilikuwepo. Mimi niliandika "hujuma". Niliandika kuwa Fundi Mapunda amefanya hujuma dhidi ya chombo cha kazi.

Nyie mnalitumia neno hilo kwenye mpira, refa akiwanyima penalti. Siku zile lilikuwa halichezewi. Lilisikika redioni na kwenye mikutano, na mtu akishatajwa nalo, watu waliacha kukaa naye meza moja. Meneja wetu, Mnyakyusa mpole aliyependa mambo yaishe kwa kikombe cha chai, aliisoma taarifa yangu, akavua miwani.

"Kikoti, neno hili umelikusudia?"

"Nimelikusudia."

"Nikilipeleka, halirudi. Chukua karatasi nyingine uandike upya. Mimi sijaona kitu."

Nilimwambia apeleke. Nilikuwa bado naisikia harufu ya ile kofia.

Wakaja watu watatu kutuhoji. Tulikaa ofisini kwa meneja asubuhi, dirisha limefunguliwa, Mapunda amevaa ovaroli yake safi. Aliyewaongoza alimwuliza kama ni kweli alichomoa fyuzi. Mapunda akasema ni kweli.

"Kwa sababu gani?"

"Huyu ni mtani wangu. Mikono yake ilikuwa inakufa, na akiambiwa hasikii. Kama si utani mwulizeni mwenyewe, yupo hapo."

Wote wakanigeukia. Yule aliyewaongoza, naamini hivyo mpaka leo, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Alisema, "Ndugu Kikoti, ninyi ni watani?"

Ningecheka tu, vijana. Sikuhitaji hata kusema neno. Ningecheka, Mapunda angenitukana, meneja angeagiza chai, na wale watu wangerudi na hadithi ya kuchekesha. Au ningesema fyuzi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Kazini hakuna utani."

Mapunda hakusema habari ya mfukoni. Alinitazama kidogo, akafungua vifungo vya ovaroli, akaivua pale pale akabaki na shati na suruali yake ya pekosi, akaikunja vizuri na kuiacha juu ya kiti. Aliandikwa kuwa ameachishwa kazi kwa hujuma, na kwa karatasi ile hakuna uwanja wowote wa ndege nchini ambao ungempokea tena. Miaka kumi na minne ya ufundi. Nilitoka pale nikijiambia nimetetea usalama.

Fundi aliyemfuata hakugusa fyuzi yangu hata siku moja. Nilirudi kwenye gazeti langu.

Machi iliyofuata nilitoka Iringa kwenda Mbeya na abiria wawili, mwalimu wa kike na mchungaji wa Kilutheri. Mawingu yalikuwa yametanda kote. Tuliingia ndani yake na mashine ikachukua kazi. Sasa nisikilizeni, hii ndiyo sehemu ya kazi. Mashine ile ilijua ndege imekaaje kwa kuitazama saa ya kipimo inayoonyesha mbingu na ardhi, na saa ile ilizungushwa na pampu ya hewa. Pampu ikaanza kufa. Haikufa kwa kishindo. Ilichoka taratibu, na saa ikaanza kulala upande, na mashine kwa utiifu wake ikalala nayo. Tukawa tunageuka kushoto kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nasoma habari za mpira.

Mwalimu alinigusa bega. "Rubani, samahani, yale maua meupe kule ni nini?"

Kwenye tundu la wingu, upande wa kushoto, chini yetu kidogo tu, kulikuwa na shamba la pareto limechanua. Pareto hailimwi Usangu. Pareto inalimwa juu, Uwanji, kwenye baridi, na tukiona pareto karibu namna ile tumeshauacha uwanda na tunaielekea milima ya Kipengere, ambayo vilele vyake vilikuwa mbele yetu ndani ya wingu. Nikatazama dira. Ilikuwa inaonyesha kusini.

Nilizima mashine. Saa moja inasema tumelala, nyingine inasema hatujalala, na mwili wangu unasema jambo la tatu, na katika hali hiyo mwili ndio mwongo mkubwa kuliko wote. Lazima uchague saa za kuamini na uzifunike zilizobaki. Niliifunika saa mbovu kwa gazeti. Nikashika mshale wa kugeuka, dira, mwendo na kimo, hizo nne tu, nikageuza kulia huku napanda, nusu ya mwendo ambao mikono ilitaka kugeuza. Mchungaji alikuwa anaomba kwa Kiswahili. Alipohamia Kihehe nikajua sasa anaomba kweli.

Mikono ilikuwa mizito, lakini ilikumbuka. Ilichokumbuka ni zile safari za jasho. Baadaye nilifungua kitabu changu cha safari nikapitia mwaka mzima, na ukiondoa kuruka na kutua, saa zote nilizokuwa nimerusha kwa mkono ni zile alizonichomolea fyuzi Mapunda. Hakukuwa na nyingine hata moja. Watu watatu tulitoka katika wingu lile kwa sababu ya mtu niliyemfukuzisha kazi.

Mbeya nilitua vibaya. Upepo ulikuwa unashuka mlimani, mguu ukachelewa, ndege ikaacha njia ikaingia kwenye majani, na mwalimu akavunjika mfupa wa bega. Alinishukuru akiwa kwenye machela. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Tangu hapo mpaka nastaafu, kila safari ya tatu mashine yangu ililala. Niliizima mwenyewe na kuandika kitabuni kuwa nimeizima. Niliizima siku za hewa tulivu kwanza, halafu siku za mashimo, wala sikungoja nijisikie vizuri. Na kabla ya kila safari niliikagua. Jibu la swali lenu ndilo hilo, halina siri. Inachosha, haina sifa, abiria wanadhani hujui kazi. Fanyeni.

Lakini mikono haikuwa deni langu kubwa. Nilikwenda kwa meneja kutaka kulifuta neno lile. Alinionyesha faili, akanikumbusha kwa upole kuwa aliniambia halirudi. Niliandika barua nne, nikieleza habari ya mfuko na kila kitu. Moja ndiyo iliyojibiwa, kwamba suala limefungwa.

Nikasikia Mapunda yuko Rujewa, anatengeneza injini za vinu vya kukobolea mpunga. Nilipanda basi, nimebeba jogoo. Mtani aliyekosea hulipa faini kwa mtani, na mwenye kudai humtukana mpaka aridhike, kisha wanakula pamoja. Njia nzima nilikuwa natunga matusi yangu na kuyafikiria yake. Niliyatamani matusi yake, vijana. Nilitaka anivue nguo mbele ya Rujewa nzima.

Nilimkuta ameinamia injini, pumba za mpunga zimemjaa nywele mpaka amekuwa mzee. Kulikuwa na watu kama kumi na magunia yao. Nikapaza sauti mlangoni, "We Mapunda! Mkimbizi wee! Wangoni mmeshindwa kukimbia sasa mmejificha kwenye pumba?"

Watu wakacheka, wakangoja jibu. Mapunda aliinuka, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Karibu, Ndugu Kikoti," alisema. "Habari za Mbeya? Familia hawajambo?"

Alinitafutia kiti, akakipangusa. Aliagiza chai. Nilimweleza yote, pampu, pareto, kitabu cha safari, barua nne. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali mawili ya kifundi juu ya pampu, akasema anamshukuru Mungu kwa kutuokoa. Nikamwambia, "Nitukane basi, mtani." Akatabasamu kwa adabu na kuniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Jogoo alimpokea kwa mikono miwili na kunishukuru sana, kama mtu anavyomshukuru mgeni wa heshima.

Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka basi likaja, akanibebea mkoba. Nilipopanda alisema, "Safari njema, ndugu. Utusalimie nyumbani."

Nililia kutoka pale mpaka Mbeya bila kujificha. Kondakta alikuja akakaa kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pole, kaka. Umefiwa?"

Nikamwambia sijafiwa. Nimeheshimiwa tu.